Amplifaya, pedali na mpangilio wa vyombo vya gitaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Umeme unaotoka kwenye gitaa ni mdogo sana, na kabla haujawa sauti hupita sehemu nyingi: pikapu, kebo, pedali, amplifaya, spika, na mwisho chumba chenyewe. Kila sehemu huacha alama yake. Wapiga gitaa wengi humaliza pesa wakirekebisha sehemu ambayo haina tatizo, kwa kuwa hawajui alama wanayoisikia imetoka wapi. Majibu yafuatayo yanafuata njia hiyo ya umeme, ili ujue pa kugusa kabla hujaingia dukani.

Amplifaya inafanya nini hasa?

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, usumaku hubadilika na umeme huzaliwa ndani ya waya. Mara nyingi umeme huo haufiki hata volti moja, kwa hiyo hauwezi kusukuma spika.

Amplifaya ina hatua mbili. Ya kwanza, priampu, huukuza umeme huo, na ndiyo yenye geini pamoja na nobu za besi, sauti za kati na trebo. Ya pili ni hatua ya nguvu, inayoupa uwezo wa kusukuma spika.

Spika ndiyo husahaulika, ilhali ndiyo yenye neno la mwisho. Spika ya gitaa haikutengenezwa itoe kila kitu kama ilivyo spika ya kusikilizia muziki. Nyingi huanza kushuka kwa kasi zikishapita kama hezi 5,000. Kushuka huko ndiko kunakoilainisha distosheni, yaani sauti iliyokwaruzwa. Chomeka pedali ya distosheni moja kwa moja kwenye miksa usikie: inalia kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Distosheni ni ile ile, ila hakuna spika ya kuichuja. Kwa maoni yangu, mtu mwenye amplifaya ya wastani atapata mabadiliko makubwa zaidi akibadilisha spika moja kuliko akiongeza pedali tatu.

Nichukue ya valvu, ya transista au ya dijitali?

Valvu (mirija ya kioo inayokuza umeme) zikizidiwa haziikati sauti ghafla, huiminya polepole, na vidole vyako vinalihisi hilo: ukipiga kwa upole inasafika, ukipiga kwa nguvu inakwaruza. Wanaozipenda wana sababu. Lakini ni nzito, zina joto, na valvu huchakaa na kuhitaji kubadilishwa.

Transista (vipande vidogo vya kielektroniki vinavyofanya kazi hiyo hiyo) hubaki safi hadi karibu na kikomo chake, na kwa anayetaka sauti safi hiyo ni sifa njema. Roland JC-120 ilitoka mwaka 1975 ikiwa ya transista tupu, na hadi leo wapigaji wengi huipima sauti safi kwa kuilinganisha nayo. Asikwambie mtu kwamba transista ni za wanaoanza tu.

Dijitali huiga amplifaya nyingi ndani ya kifaa kimoja. Kwa anayefanyia mazoezi nyumbani kwa hedifoni, naona ndiyo chaguo la busara kuliko yote. Hasara yake ni wingi wa machaguo: mtu anakaa jioni nzima akipitia sauti 200 bila kupiga wimbo hata mmoja. Chagua mbili, moja safi na moja ya ukwaruzo, ukae nazo mwezi mzima.

Wati ngapi zinanitosha?

Chache kuliko unavyodhani. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hulitambua bila kushtuka. Ili msikilizaji aseme sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo tofauti ya amplifaya ya wati 50 na ya wati 100 ni ndogo sana kwa sikio, ingawa bei na uzito husema vingine.

Tazama pia usikivu wa spika. Spika inayotoa desibeli 100 kwa wati moja, ukiipima umbali wa mita moja, dhidi ya nyingine inayotoa 97, ni kama umezidisha wati za amplifaya yako mara mbili bila kuigusa.

Chumbani, wati 5 za valvu tayari ni kelele. Ukipiga na mpiga ngoma, wati 15 hadi 30 za valvu huwatosha wengi. Ukitaka sauti ibaki safi hata bendi ikipandisha, ongeza, kwa sababu usafi unahitaji nafasi ya ziada juu ya kiwango unachopigia.

Geini na masta zina tofauti gani? Zote si za kupandisha sauti?

Geini inaamua priampu inalishwa umeme kiasi gani, kwa hiyo inaamua sauti ikwaruze kiasi gani. Masta inaamua kiasi kinachofika kwenye hatua ya nguvu, yaani ukubwa wa sauti. Geini juu na masta chini ni ukwaruzo kwa sauti ndogo. Geini chini na masta juu ni sauti kubwa na safi.

Wengi huweka geini nyingi mno. Peke yako chumbani inapendeza, lakini ukiingia kwenye bendi noti zinagandana na hakuna anayekusikia. Anza na geini chini, pandisha mpaka upate ukwaruzo unaoutaka, kisha rudi nyuma kidogo.

Usisahau pia nobu ya volyumu iliyo kwenye gitaa lenyewe. Amplifaya ikiwa imekwaruza, shusha volyumu ya gitaa kutoka 10 hadi 6 na utaona inasafika. Wapigaji wa zamani walikuwa na sauti tatu au nne bila pedali yoyote, kwa nobu hiyo moja.

Nianzie wapi kwenye besi, sauti za kati na trebo?

Weka zote katikati, lakini usidhani kwamba katikati ni sauti isiyoguswa. Kwenye amplifaya nyingi, hasa zinazofuata michoro ya kampuni ya Fender, saketi ya toni hupunguza sauti za kati hata nobu zote zikiwa kwenye 5. Kwa hiyo usiogope kupandisha sauti za kati hadi 7 au 8. Gitaa linaishi huko. Ukiziondoa, besi inagongana na gitaa la besi, trebo inagongana na matoazi, na wewe unapotea hapo katikati.

Kabla hujagusa trebo, angalia umesimama wapi. Spika ya gitaa hurusha sauti kali mbele yake moja kwa moja, kama mwali mwembamba. Amplifaya ikiwa sakafuni inapiga magoti yako, wewe uliyesimama huisikii trebo, unaongeza, na anayekaa mita tano mbele anachomwa masikio. Inua amplifaya ifike kiunoni au iegemeze nyuma ielekee usoni mwako. Chuchumaa mara moja mbele ya spika, masikio yakiwa sawa nayo, ndipo upange trebo. Wengi wakifanya hivyo huishusha nusu nzima.

Pedali zipangwe kwa utaratibu gani?

Kila pedali hupokea sauti kama ilivyoachwa na iliyotangulia. Utaratibu wote unatokana na hilo. Mpangilio wa kawaida huanza na tyuna (ya kupimia nyuzi), kisha wawa (ya kukanyaga ili sauti ifunguke na kufungika) na kompresa (ya kusawazisha mapigo), halafu ovadraivu na distosheni (za ukwaruzo), halafu korasi, feiza na jamaa zake (za kuyumbisha sauti), halafu mwangwi (wa kurudia noti), na mwisho rivabu (inayoiga mvumo wa chumba).

Tyuna hukaa mbele kwa sababu husoma vizuri umeme ambao haujachezewa. Kompresa hutangulia ovadraivu ili kusawazisha mapigo kabla ya ukwaruzo. Ukiiweka nyuma, itapandisha kelele zote zilizozalishwa mbele yake. Mwangwi huja baada ya distosheni ili kila mrudio uwe nakala safi ya noti iliyokwaruzwa. Jaribu kinyume chake: marudio yanaingia ndani ya distosheni, yanachanganyika na noti mpya, na yote yanakuwa wingu. Wapo wanaolitaka wingu hilo, na wakilitumia kwa makusudi linapendeza. Muhimu ni ujue kwa nini unalisikia.

Fazi za kizamani, pedali za ukwaruzo mkali kuliko zote, zinavunja utaratibu. Zile zilizojengwa kwa mfano wa Fuzz Face ya mwaka 1966 zinataka kuiona pikapu moja kwa moja. Ukiitanguliza tyuna yenye bafa (saketi inayoimarisha umeme wa gitaa ili usidhoofike njiani), fazi inakuwa nyembamba na kali, na volyumu ya gitaa haiisafishi tena. Iweke ya kwanza kabisa, hata mbele ya tyuna.

Ovadraivu, distosheni na fazi zinatofautianaje?

Ovadraivu huiga amplifaya ya valvu inayoanza kuzidiwa, na mkono wako bado unasikika. Distosheni huminya zaidi na kubaki vile vile hata ukipiga kwa upole. Fazi hulikata wimbi la sauti karibu liwe mraba. Fazi ya kwanza kuuzwa madukani na kujulikana sana ni Maestro FZ-1, iliyotoka mwaka 1962.

Ovadraivu za ukoo wa Ibanez Tube Screamer hupunguza besi na kusukuma mbele sauti za kati, karibu na hezi 720. Ndiyo maana solo iliyokuwa imezama hujitokeza ghafla. Matumizi yake bora, kwa maoni yangu, ni mbele ya amplifaya ambayo tayari imekwaruza: weka drive (nobu ya ukwaruzo) ya pedali karibu na sifuri, level (nobu ya kiwango cha sauti) juu. Pedali haiongezi ukwaruzo wake, inaisukuma tu amplifaya. Wapigaji wa metali hufanya hivyo ili nyuzi nene zisivurugike.

Matundu ya SEND na RETURN nyuma ya amplifaya ni ya nini?

Hayo ni ya lupu ya efekti. Yanakuwezesha kuingiza pedali kati ya priampu na hatua ya nguvu. Yana maana kama ukwaruzo wako unatoka kwenye amplifaya yenyewe: mwangwi ukiwa mbele ya amplifaya hiyo utakwaruzwa, ukiwa kwenye lupu utabaki safi. Kama unapiga sauti safi na kupata ukwaruzo kwa pedali, lupu haikupi chochote cha ziada. Ovadraivu na wawa usiziweke humo.

Nitumie umeme gani kwa pedali?

Soma maandishi yaliyo karibu na tundu la umeme la kila pedali na uangalie mambo matatu. Volti lazima zilingane: pedali ya volti 9 ukiipa 18 unaweza kuiua, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu. Upande wa chanya na hasi nao lazima ulingane. Pedali nyingi huwa na hasi katikati, lakini si zote. Miliampia za adapta zinaweza kuzidi zinazohitajika bila madhara, ila zisipungue. Ovadraivu ya analogi kwa kawaida hula chini ya miliampia 20, mwangwi wa dijitali unaweza kula 100 hadi 300 au zaidi. Jumlisha.

Kuunganisha pedali zote kwa mnyororo mmoja kutoka adapta moja ni rahisi, na kwa pedali tatu za analogi hakuna shida. Ukichanganya na za dijitali, mlio mwembamba wa juu hupenya kwenye sauti. Dawa yake ni kisambaza umeme chenye njia zilizotengwa, kila pedali na yake. Kifaa hicho hakina mvuto wowote dukani, lakini nakishauri kabla ya pedali ya tano.

Vyombo vyangu vinavuma. Nitafuteje chanzo?

Shusha volyumu ya gitaa hadi sifuri. Mvumo ukiisha, chanzo ni gitaa au kilicho karibu nalo. Ukibaki, chomoa kebo kwenye amplifaya. Ukibaki hata hapo, tatizo ni amplifaya au umeme wa ukutani. Ukiisha, rudisha kifaa kimoja kimoja, ukianza na kilicho karibu na amplifaya, mpaka urudi.

Sasa pandisha volyumu na uzunguke polepole ukiwa umeshika gitaa. Mvumo ukipanda na kushuka kadiri unavyogeuka, pikapu yako ya koili moja inanasa umeme wa jengo, wa hezi 50 au 60 kulingana na nchi. Ndiyo sababu Seth Lover wa kampuni ya Gibson alibuni mwaka 1955 pikapu ya koili mbili zinazofutiana mvumo. Sogea mbali na transfoma, taa zenye dima na skrini. Kelele ikipungua unapogusa nyuzi, erthi ya gitaa inafanya kazi. Kinachokosekana ni kinga ya foili au rangi maalumu ndani ya mashimo ya pikapu.

Vifaa viwili vikiunganishwa kwa kebo ya sauti huku kila kimoja kina erthi yake ukutani, mzunguko wa erthi unaweza kutokea na kuvuma. Tumia DI (kiboksi cha kuunganisha gitaa na miksa) yenye transfoma na swichi ya kutenganisha erthi upande wa sauti. Usikate kamwe mguu wa erthi wa plagi. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey alikufa jukwaani Swansea baada ya kugusa maiki ambayo haikuwa na erthi.

Kebo ndefu inaharibu sauti?

Inapunguza trebo, ndiyo. Kebo ya gitaa ina kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme, unaomeza trebo) ya takriban pikofaradi 100 kwa kila mita, na pikapu za kawaida zinalihisi hilo. Mita 5 haina tatizo. Mita 10, kisha pedali kumi, kisha mita nyingine 6, utasikia kama mtu ametupia blanketi juu ya spika. Bafa moja mwanzoni mwa msururu inamaliza tatizo.

Omu 4, 8 na 16 zina maana gani kwangu?

Omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme, na hapa kosa linaunguza kifaa. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4; zikiunganishwa kwa mfululizo zinakuwa 16. Amplifaya ya valvu ilingane na spika zake kwa swichi au tundu lililoandikwa omu husika, na isiwashwe kamwe bila spika, kwa sababu transfoma ya kutolea inaweza kuungua. Ya transista kwa kawaida huvumilia kukosa spika, ila haivumilii omu chini ya kiwango kilichoandikwa nyuma yake.

Kati ya kichwa cha amplifaya na boksi, tumia kebo ya spika, si ya gitaa. Jeki zinafanana, lakini waya wa ndani wa kebo ya gitaa ni mwembamba mno kwa mzigo huo. Na usifungue amplifaya ya valvu mwenyewe: kapasita zake zinaweza kushikilia mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa.

Gitaa la akustika nalo lichomekwe wapi?

Pikapu yake kwa kawaida ni ya piezo (inayonasa mtetemo kwa mgandamizo, si kwa sumaku), iliyo chini ya daraja, na inahitaji ingizo lenye ukinzani wa megaomu 1 au zaidi. Bila priampu au DI ya kufaa, hutoa sauti nyembamba ya kukwaruza. Likianza kulia lenyewe jukwaani, ziba tundu la sauti kwa kizibo cha mpira, geuza swichi ya priampu iliyoandikwa PHASE (inayopindua wimbi la sauti) kama ipo, kisha punguza besi karibu na hezi 100 mpaka mlio ukatike. Kupiga akustika kupitia amplifaya ya gitaa la umeme huwa hakuridhishi. Lile la akustika linataka spika isiyochuja.

Nirekodi vipi nyumbani?

Kwa maiki, Shure SM57, inayotengenezwa tangu 1965, bado inatosha. Iweke sentimita 2 au 3 kutoka kitambaa cha spika. Ikitazama katikati ya koni, sauti ni kali. Isogeze pembeni kidogo kidogo na itakuwa nene na laini. Sentimita mbili za kusogeza zinabadilisha sauti kuliko ekwalaiza, kwa hiyo rekodi sekunde kumi kila nafasi ukilinganisha.

Bila maiki, tumia kadi ya sauti na programu inayoiga boksi la spika. Usiiache sehemu hiyo ya boksi ikiwa imezimwa, utawarudisha wale nyuki wa kwenye kopo. Kuhusu kuchelewa kwa sauti: bafa ya kompyuta (akiba ya sauti inayosubiri kuchakatwa, si ile bafa ya pedali) ya sampuli 128 kwa hezi 44,100 ni kama milisekunde 3 kuingia, na nyingine kutoka. Ukisimama mita 3 kutoka kwenye amplifaya, sauti inachukua karibu milisekunde 9 kukufikia, na hakuna anayelalamika.

Masikio yangu yanalia baada ya mazoezi. Ni kawaida?

Ni kawaida kwa maana kwamba huwapata wengi, na ni dalili ya madhara. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo nusu. Kwenye desibeli 100, kiwango ambacho bendi hukifikia kwa urahisi, una dakika 15. Vaa vizibo vya wanamuziki vinavyopunguza masafa yote kwa usawa, na vaeni wote, kwa sababu asiyevaa ndiye hupandisha.

Siku ya onyesho nipange nini kwanza?

Weka amplifaya mahali pake kabla ya kupanga toni, kwani ukutani na pembeni mwa chumba besi huongezeka. Unganisha kebo zote volyumu zikiwa chini, ndipo uwashe; ya valvu iache ipate joto dakika chache. Fundi mitambo akikuomba sauti, mpe ile kubwa utakayoitumia kwenye solo, si ile ya mazungumzo. Kisha nenda ukasimame mbele ya jukwaa, wanapokaa watu, umwachie mwenzako gitaa apige.